Mkia wa Leta

Kila mtu kwenye avenyu yetu alimwita Papa Shefu, hata waliomzidi umri, hata mkewe alipokuwa na hasira naye. Alikuwa shefu wa avenyu, cheo cha mwisho kabisa cha serikali: chini yake kuna wananchi, na chini ya wananchi kuna tope. Hakulipwa. Aliteuliwa kwa sababu siku ya uteuzi alikutwa barazani kwake akishona nguo, wakati wenye akili wote walikuwa wameshakwenda shambani. Hivyo ndivyo alivyoeleza mwenyewe, na sikupata mtu wa kumpinga.

Nilipanga nyumba inayotazamana na yake katika miaka niliyofanya kazi kwenye redio ndogo ya mji, kule Kasongo, Maniema, upande ule ambako barabara ya Kabambare inatokea. Cherehani yake ya miguu aliielekeza barabarani, si ukutani kama mafundi wengine, ili asipitwe na kitu. Aliwaona wachimbaji wa dhahabu wanaotoka Salamabila, watatu juu ya pikipiki moja, buti zao zikiwa bado na udongo wa mashimoni. Aliwaona wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobebeshwa mafuta ya mawese hadi baiskeli yenyewe haionekani. Wote aliwasalimu, na wote aliwauliza barabara ikoje huko. Jibu lilikuwa lilelile, lakini alilisikiliza kila mara kama jipya, akitikisa kichwa.

"Mimi ni mukia wa Leta," alipenda kusema, yaani wa serikali. "Kichwa iko Kinshasa, tumbo iko Kindu, mimi niko mukia. Mukia haioni njia. Lakini inzi wakikuja, ni mukia inatumika."

Inzi walikuwa wengi. Mbuzi aliyekula mihogo ya jirani aliletwa kwake akiwa amefungwa kamba, pamoja na mwenye mbuzi na mwenye mihogo. Mume na mke waliorushiana sufuria walikuja kumalizia ugomvi barazani kwake. Umeme usipokuwepo, na haukuwepo kamwe, aliulizwa yeye. Mara moja mama mmoja alimjia asubuhi kumlaumu kwa sababu bei ya sabuni imepanda. Papa Shefu aliacha kukanyaga cherehani, akamwambia kwamba atapeleka habari kunakohusika. Mama yule aliondoka ameridhika. "Ningemwambia nini?" aliniuliza baadaye. "Kama sina nguvu, angalau niwe na masikio."

Alishika pini kwa midomo alipofanya kazi, kwa hiyo mambo madogo aliyasema kwa meno yaliyobana: mvua, nani kafiwa, samaki wa Nyangwe wamefika sokoni au hawajafika. Alipozitoa pini mdomoni na kuzichomeka moja moja kwenye kola ya shati lake, tulijua siasa inakuja. Wateja wengine walivuta kigoda karibu. Wengine walikumbuka kwamba wana safari.

Mawazo yake hayakuwa ya kitabu na hakudai hivyo. Yalikuwa ya mtu anayekaa mahali pamoja na kutazama. Kuhusu dhahabu alisema hajawahi kuiona hata punje, ingawa yote inapita mbele ya mlango wake ndani ya mifuko ya watu; anachokiona ni vumbi la pikipiki zilizoibeba. Kuhusu mchele alisema hakuna aibu kama ile: Maniema nzima inalima mpunga, halafu siku ya karamu ya wakubwa unafunguliwa mfuko wa mchele uliovuka bahari, kwa sababu wetu una vijiwe. "Na vijiwe vinatoka wapi? Kwa kuanika mupunga njiani. Na tunaanika njiani juu ya nini? Hatuna sakafu ya saruji. Basi wakule mchele ya bahari, lakini wasituambie tupende inchi." Walipokuja watu na magari meupe kutufundisha kunawa mikono, alishiriki mafunzo yote, akapiga makofi, kisha akanyoosha mkono kuuliza maji yatatoka wapi. Waliandika swali lake. Alilitaja tukio hilo kwa miaka: "Swali yangu iko salama. Waliiandika."

Wakati wa uchaguzi kazi yake iliongezeka. Wagombea waligawa vitenge vyenye sura zao, na akina mama walimletea avishone. Alikuwa na utaratibu wake. Alimuuliza kila mteja sura ikae wapi, mbele au nyuma, na kama mteja alisitasita, yeye alimweka mgombea mgongoni. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anawazoesha watu mapema. "Akishapita, utaona nini yake? Mugongo. Sasa tuanze na mugongo."

Mtu angedhani, kwa maneno hayo, kwamba aliichukia serikali. Hapana, na hapo ndipo nilipochelewa kumwelewa. Alikuwa na kofia ya kaki aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki, imening'inizwa juu kuliko nguo za mkewe. Siku ya sherehe ya uhuru alikuwa wa kwanza kufika uwanjani, amepiga pasi hadi mikunjo ya suruali ingeweza kukata mkate. Kijana mmoja wa avenyu, dereva wa pikipiki ambaye sisi tulimwita Motari tu, alipoitukana Leta mbele yake kwa maneno mazito, Papa Shefu alikasirika kweli. Alimwambia kwamba serikali ni kama baba mlevi: wanawe wana haki ya kulia, lakini hawana haki ya kumcheka. Motari akajibu kwamba yeye huyo baba hajawahi kumwona, hata akiwa amelewa. Watu walicheka. Papa Shefu hakucheka. Alirudisha pini mdomoni.

Tatizo la avenyu yetu lilikuwa daraja.

Mwisho wa avenyu, kabla ya kufika sokoni, kuna kijito. Masika kinajaa na kuvuta kila kitu. Kiangazi kinabaki kama mkojo wa ng'ombe, lakini kingo zake ni ndefu na zinateleza. Juu yake kulikuwa na vyuma viwili vinene vya zamani, na juu ya vyuma mbao. Mbao zilikwenda moja moja. Nyingine zilioza, nyingine zilivunjwa na lori lililobeba mifuko ya mpunga, nyingine zilipikia maharage, na wapishi tunawajua. Katikati likabaki pengo, na chini ya pengo maji na mawe. Watu waliweka fito juu yake, zikafungwa kwa kamba za msituni. Fito ni za mviringo. Ukikanyaga, zinazunguka chini ya mguu.

Mke wa Papa Shefu aliangukia hapo. Alikuwa akioka mikate ya mchele na kuiuza sokoni, na asubuhi moja ya mvua, beseni likiwa kichwani, fito zilimgeuka. Mganga wa mifupa alimfunga nyonga kwa magome na vijiti. Mfupa uliunga, lakini uliunga upande. Akaanza kutembea kwa kuinamia kushoto, na tangu siku hiyo hakuvuka tena. Hakusema anaogopa. Alisema tu kwamba soko limemchosha. Aliendelea kuoka, akauza barazani kwa sisi majirani wachache, na mikate iliyobaki tulilazimika kuila ikiwa baridi. Lakini kila aliyerudi kutoka ng'ambo alimsimamisha na kumuuliza maswali: nani amekaa mahali pangu, anauza nini, yule mama wa dagaa bado anagombana na yule wa chumvi? Alitaka soko lote, harufu na matusi, na alilipata kwa vipande kutoka kwa watu waliokuwa na haraka.

Papa Shefu alijua. Alikuwa amewaandikia wakubwa wa serikali kuhusu daraja mara nyingi kuliko alivyokumbuka, kila barua na muhuri wake, ambao aliuita kashe, na aliupulizia pumzi ya moto kabla ya kuugonga. Jibu lilirudi kwa mdomo, daima lilelile: mkubwa mwenyewe atakuja kuona kwa macho. Jibu hilo lilimwingia kichwani, naye akaliamini. Mtu anakuja kuona. Basi kitu cha kuonwa kiwepo.

Kuanzia hapo akawa mlinzi wa pengo. Hili naliandika kwa sababu nililiona. Vijana wa avenyu, Motari akiwaongoza, waliamua siku moja kutafuta mbao na kuliziba. Papa Shefu aliwafuata hadi kwenye kijito akiwa amevaa kofia ya kaki, futi ya kupimia nguo ikiwa bado shingoni.

"Mukifunika, atakuja kuona nini?" aliwauliza.

"Papa Shefu, sisi hatufanyie mutu wa kuona," Motari alisema. "Tunafanya ya kupita."

"Mutapita mwaka moja. Mbao itaoza. Mimi nataka daraja ya saruji, wajukuu wenu wapite. Kidonda ukiifunga kitambaa safi, munganga anasema umepona."

Walibishana hadi jua likawa kali. Mwishowe vijana waliacha, si kwa kukubali, bali kwa sababu hakuna anayeweza kubishana na shefu ambaye kesho atamhitaji kwa cheti cha makazi. Motari aliondoka akisema kwa sauti kwamba kwenye mji huu hata shimo lina askari wake. Papa Shefu alibaki. Nilimwona akishuka ukingoni polepole, akaitoa futi shingoni na kupima lile pengo, urefu na upana, kisha akaikunja futi na kuitia mfukoni. Sikumuuliza alikuwa akipima nini. Nilidhani ni kwa ajili ya barua nyingine.

Basi ikafika habari kwamba mkubwa anakuja. Si uvumi: shefu wa kartie, aliye juu yake, alituma mtu, na aliyetumwa alikuwa na ujumbe kamili. Msafara utatoka Kasongo kwenda Kabambare hadi Salamabila, utapita kwenye avenyu yetu, na kila shefu apige filimbi ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ili watu wasafishe upande wao: nyasi zikatwe, mawe yapakwe chokaa, daraja "liwekwe sawa."

Kikao kilifanyika barazani kwake. Alizitoa pini zote mdomoni. Alisema nyasi zikatwe, sawa, na mawe yapakwe, ingawa chokaa hatuna. Lakini daraja lisiguswe. Alisema hii ndiyo siku tuliyoiandikia barua zote zile. Gari lifike pale, lisimame, mkubwa ashuke na viatu vyake, aone mahali mke wa Papa Shefu alipovunjika nyonga. Asipoona siku hiyo, hataona tena.

Nilidhani watamuunga mkono. Nilikuwa nimesikia manung'uniko ya watu wale wale kwa miaka. Lakini mama mmoja mjane, mwenye heshima kubwa, ambaye kila Ramadhani huwapikia majirani wake Wakristo na kila Krismasi hupelekewa chakula nao, alisema kwa upole kwamba haijawahi kutokea. Mgeni akija unafagia hadi alipotokea. Hata kama nyumbani mna njaa, unampa kiti na unakificha chungu kitupu. Mgeni akanyage tope letu, kisha aende Kabambare aseme watu wa Kasongo walimpokea shimoni? Kichwa kimoja kimoja, watu walianza kuitikia. Hata Motari, aliyesema hafanyi kwa ajili ya mtu wa kuona, aliitikia. Ndicho kilichomuumiza zaidi Papa Shefu. Alimtazama kijana yule kama mtu aliyeibiwa na mwizi aliyemfundisha.

"Mimi sipige filimbi," alisema.

Hakupiga. Watu walifanya salongo bila filimbi. Kina mama walifagia barabara hadi ikawa nyekundu kama sahani ya udongo. Vijana walitoa fito, wakapanga mbao walizozipata huku na huko, wakajaza udongo kingoni. Mbao hazikutosha. Jioni pengo lilibaki katikati, dogo kuliko mwanzo, lakini lilikuwepo: gurudumu lingezama, na gari lingesimama. Papa Shefu alipita kukagua, mikono nyuma. Alipokuwa akirudi aliimba kidogo kwa pua, jambo ambalo sikuwahi kulisikia.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa njiani mapema na kinasa sauti changu, kwa kuwa redio ilinituma kufuata msafara. Askari mmoja alitangulia kwa pikipiki kuangalia njia. Alifika kwenye pengo, akaliangalia, akauliza shefu yuko wapi. Papa Shefu alisogea, kofia kichwani. Askari hakumkaripia. Alimwuliza kwa sauti ya kawaida, karibu ya huzuni: "Muzee, ndivyo munapokea mutu kwenu?"

Kisha akageuza pikipiki kurudi kuwaambia wenzake waje polepole.

Niliona uso wa Papa Shefu. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kofi, kwa kulala kizuizini; alikuwa na jibu kwa kila kimoja. Swali lile hakulitarajia. Aligeuka na kutembea haraka kuelekea kwake, na kwa kuwa aliniashiria kwa kidole, nilimfuata.

Mlango wa nyumba yake ulikuwa wa mvule, mzito, mpana kuliko milango ya siku hizi, rangi yake imekwisha kwa mikono ya watu. Aliung'oa kwenye bawaba kwa mtalimbo. Mkewe alikuwa ndani akipuliza moto. Aliuona mchana ukiingia ghafla nyumba nzima, akainua kichwa, akatutazama tukiubeba mlango, yeye mbele na mimi nyuma. Hakuuliza kitu.

Tuliulaza juu ya pengo. Uliingia kama kifungo kwenye tundu lake, pande zote, bila kuzidi wala kupungua. Ndipo nilipokumbuka ile futi. Alipigilia misumari minne, akafagia udongo kidogo juu yake kwa kiganja, akasogea pembeni.

Magari yalikuja. Hayakupunguza mwendo. La kwanza, la pili, yale ya nyuma yenye vijana waliovaa fulana za chama. Mlango ulilia mara moja kwa kila gari na kunyamaza. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya vumbi. Papa Shefu alisimama wima ukingoni, mkono kwenye kofia, hadi vumbi lilipomfunika.

Nilipanda gari la mwisho la msafara. Kabambare, mkubwa alihutubia watu uwanjani, na nilirekodi kila neno. Alisema anajua mateso ya barabara. Alisema ameona mwenyewe kwa macho. Alisema kazi itaanzia huku mbele, kwa sababu kule kutokea Kasongo amekuta daraja zuri na watu wanaojitegemea, mfano wa kuigwa. Watu walipiga makofi. Na mimi, kwa mazoea ya kazi, niliangalia kama sauti imeingia vizuri.

Redio ilirusha hotuba hiyo baada ya mimi kurudi. Nilikuwa barazani kwake. Nilifikiri ni afadhali aisikie nikiwepo. Alikuwa akishona sare za wanafunzi. Ilipofika sehemu ya daraja zuri, miguu yake iliendelea kukanyaga cherehani, lakini kitambaa hakikusogea, na sindano ikawa inatoboa mahali palepale. Aliacha redio iseme hadi mwisho. Mkewe alikuwa ameketi nyuma yake, kwenye kizingiti kisicho na mlango, akichambua mchele.

"Papa Shefu," alisema, bila kuinua macho kwenye ungo. "Kwangu mimi, mulango ilikuwa mulango. Kwa mugeni, ikakuwa daraja."

Papa Shefu aliinama, akaanza kufumua mshono alioushona vibaya, uzi mmoja mmoja, na mimi nikaaga.

Nilitarajia aurudishe mlango nyumbani. Hakuurudisha. Siku chache baadaye mkewe alibeba beseni, akatembea avenyu yote akiinamia kushoto, na akafika kwenye kijito. Tulimtazama kutoka kwenye baraza zetu, kila mmoja akijifanya ana kazi. Alisimama ukingoni. Akautia mguu mmoja kwenye mlango, akaukanyaga mara mbili kama mtu anayejaribu kitanda, kisha akavuka. Sokoni, wanasema, alimkuta mama wa chumvi amekaa mahali pake, na walitukanana hadi wakachoka na kukumbatiana.

Kwenye fremu tupu ya nyumba yao mkewe alitundika kitenge cha uchaguzi. Kilikuwa na sura ya mheshimiwa mmoja, na kila aliyeingia ndani ilimbidi amsukume usoni. Papa Shefu alilalamika kwamba baridi inaingia. Mkewe alimjibu kwamba angalau huyu amefanya kazi. Nilicheka sana siku hiyo. Papa Shefu alitabasamu nusu, lakini hakuzitoa pini. Kuanzia wakati ule alizitoa mara chache. Wateja walioleta habari za Kinshasa walijibiwa kwa meno yaliyobana, kama habari za mvua.

Kazi ya barabara, kama nilivyoeleza mara nyingi hewani kwa maneno ya adabu zaidi, haikuanzia mbele wala nyuma. Miaka ilipita, nami nikahamia Kabambare. Nikazoea barabara yenyewe, kwa sababu kila safari ilinichukua muda wa kutosha kuifikiria. Kwenye mashimo yake makubwa, karibu na Lusangi na kwingineko, niliwakuta watu wakisubiri mtu wa kuja kuona kwa macho.

Mara ya mwisho kumwona ni msimu huu wa kiangazi. Nilikuwa nikirudi Kasongo nyuma ya pikipiki, na dereva aliyenichukua, kwa bahati, alikuwa Motari, sasa ana tumbo na watoto. Tulipofika kwenye kijito alisimamisha pikipiki kabla sijamwambia. Papa Shefu alikuwa amechuchumaa katikati ya daraja, kofia ya kaki kichwani, mtalimbo mkononi. Alikuwa amezeeka kwa upande wa shingo. Aliniita mwanangu, akaniuliza barabara ikoje huko, akatikisa kichwa.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Kuna mukubwa mwingine anakuja," alisema. "Kesho kutwa. Safari hii ataona." Aliuingiza mtalimbo chini ya ukingo wa mlango. Mbao zilizouzunguka zilikuwa zimeshaoza. Mlango ulikuwa umechakaa katikati, lakini ulishika. Tundu la funguo lilikuwa bado lipo, na ndani yake maji yaling'aa chini. "Nilikosea moja. Mutu hakosee mbili. Nawaambia watu tangu juzi: asiguse. Na askari akiniuliza tena, nitamwambia ndiyo, ndivyo tunapokea mutu kwetu. Tunamupokea na ukweli."

Motari alimwambia, kwa heshima ambayo sikuizoea kwake, kwamba afadhali angoje hiyo kesho kutwa. Watu wanapita. Papa Shefu alisema akingoja, moyo utamgeuka tena. Anaujua moyo wake. Msumari wa kwanza ulishatoka; ulikuwa juu ya jiwe, umepinda na una kutu. Alikaza mikono kwenye mtalimbo, na wa pili ukaanza kulia.

Ng'ambo, kutoka upande wa soko, mkewe alikuwa anakuja. Beseni lilikuwa kichwani, tupu, kwa hiyo mikate ilikuwa imekwisha. Aliinama kushoto zaidi kuliko nilivyomkumbuka. Alifika mahali mbao zinapoishia na mlango unapoanzia, akamwona mumewe, akauona mtalimbo, akauona msumari juu ya jiwe. Hakuuliza, kama ambavyo hakuuliza siku ile. Alilishusha beseni kutoka kichwani, akalishika ubavuni, na akasimama kama mtu anavyosimama mbele ya nyumba ya watu.

"Hodi," alisema.

Maji yalipita chini. Motari alizima pikipiki. Papa Shefu alibaki ameinama, mikono kwenye chuma, midomo ikisogea kana kwamba ina pini.

"Karibu," alisema.

Mkewe alivuka polepole, akampita mumewe bila kumgusa, akanisalimu mimi na kuniuliza habari za watoto. Papa Shefu alingoja hadi hatua zake zikatoka kwenye mbao. Kisha aliokota msumari kwenye jiwe, akaunyoosha kwa kuugonga mara kadhaa, akaurudisha kwenye tundu lake la zamani na kuupigilia kwa nyuma ya mtalimbo, na baada ya huo akaupigilia na ule wa pili.